Mti wa Halmashauri na Ukuta wa Jirani

Ugomvi wa miti baina ya majirani ni wa kale sana katika nchi ya Uingereza, wa kale kuliko halmashauri zote zinazotawala miji yake leo. Na mtu anayetaka kufahamu kwa nini mkazi wa London au Manchester, akiona nyufa katika ukuta wake na mti mkubwa wa nyumba za halmashauri upande wa pili wa ua, huketi kwanza kuandika barua badala ya kuchukua msumeno, hana budi kurudi nyuma miaka mia nne, katika zama ambazo halmashauri hizo hazikuwapo wala nyumba zake, na mahakama zilikuwa zikiamua mambo ya watu wawili tu, kila mmoja na ardhi yake, kila mmoja na shoka lake.

Mnamo 1616 majaji wa Kiingereza walikwisha kukubali kwamba matawi yakivuka mpaka, mwenye ardhi iliyovukiwa ana ruhusa ya kuyakata. Na mwaka 1620, walipoulizwa mti ambao mizizi yake imeingia katika ardhi ya jirani ni milki ya nani, walijibu kuwa ni milki ya yule ambaye shina limesimama kwake, hata kama mti wenyewe unajilisha kwa udongo wa mwingine. Hukumu hizo mbili ndizo nguzo za yote yaliyofuata, maana zilitenganisha umiliki wa mti na madhara ya mti: mti ni wako, matunda ni yako, lakini tawi likiingia kwa jirani halina hifadhi. Kwa muda mrefu lilibaki swali moja, nalo ni kama mkataji anapaswa kumpa mwenye mti ilani kabla ya kukata. Jaji mmoja aligusia jambo hilo mwaka 1823, akaona kwamba matawi ni jambo la pekee lisilohitaji ilani. Lakini jibu lenye nguvu lilikuja mwaka 1894, katika shauri la Lemmon na Webb, pale Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi ile, lilipoamua kwamba mtu anaweza kukata tawi lililovuka bila ya kumwambia mwenziwe, madhali hakutia mguu katika ardhi yake, na kwamba kupita kwa miaka mingi hakumpi mwenye mti haki ya kuendelea kuning'iniza matawi yake juu ya ardhi ya watu. Na ili pasiwe na mtu atakayeifanya ruhusa hiyo kuwa njia ya kujitajirisha, mwaka 1919 mahakama ilimhukumu mtu aliyechuma matofaa yaliyoning'inia upande wake akayauza kwamba alipe thamani yake, kwa kuwa tunda, hata likivuka mpaka, ni mali ya mwenye mti.

Hiyo ndiyo sheria ya kisu. Ni sheria ya insafu, na mimi naiona kuwa ni nzuri kwa hali iliyotungiwa, yaani kwa watu wawili walio sawa, wanaofahamiana kwa majina, ambao kila mmoja anaweza kumwonea haya mwenziwe siku ya ibada. Taabu ilianza pale jirani mmoja alipoacha kuwa mtu akawa idara.

Shauri ninaloliona kuwa ni mlango wa habari yetu halikuhusu nyumba bali makaburi. Katika mji wa Amersham, kaskazini-magharibi ya London, palikuwa na bodi ya maziko, chombo cha umma kilichowekwa kisheria kununua ardhi na kuitunza kwa ajili ya wafu wa mji, nayo ikapanda mti wa yuu hatua chache tu kutoka kwenye uzio, mti ule wa kijani kisichokoma ambao Waingereza wameuhusisha na makaburi tangu zama za mbali, na ambao majani yake ni sumu kali kwa farasi na ng'ombe. Mti ulikua, matawi yakapita uzio, na farasi aliyekuwa malishoni upande wa pili akala majani akafa. Mwaka 1878 mahakama iliiamuru bodi imlipe mwenye farasi fidia, kwa hoja nyepesi lakini nzito: aliyepanda kitu chenye sumu na kukiacha kivuke mpaka wake ndiye mwenye dhamana ya madhara yake. Miaka kumi na sita baadaye likaja shauri jingine la mti wa namna ileile, ila safari hii mwanafarasi alinyoosha shingo yake mwenyewe akala majani yaliyokuwa bado upande wa mwenye mti. Naye mwenye mti akaachiliwa, kwa kuwa mti haukuvuka, aliyevuka ni mnyama. Yafaa kuzingatia kwamba katika shauri la Amersham chombo cha umma hakikupewa udhuru kwa sababu kinafanya kazi ya umma. Kilihukumiwa kama jirani yeyote.

Sasa tuangalie jinsi halmashauri zilivyopata kuwa jirani wa karibu kila mtu. Sheria ya Nyumba za Tabaka la Wafanyakazi ya mwaka 1890 ilizipa mamlaka ya kubomoa mitaa ya mabanda na kujenga mahali pake, na Halmashauri ya Kaunti ya London, iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja tu wakati huo, ikauvunja mtaa wa ufukara uitwao Old Nichol upande wa mashariki wa mji, na kifusi chake kikakusanywa kikafanywa kilima cha bustani ya duara, ambayo kutoka kwayo barabara saba zinatawanyika huku na huku, zikiwa zimepandwa miti kandokando. Mtaa huo, Boundary Estate, ulifunguliwa rasmi mwaka 1900, na miti yake, aghalabu ya aina ya pleni ambayo hustahimili moshi na vumbi la London kuliko miti mingi, imesimama hadi leo, mirefu kuliko majumba.

Kupanda miti mle hakukuwa pambo tu. Ebenezer Howard alikuwa amekwisha kuwahubiria watu kwamba mji na shamba vinaweza kuoana, na mji wa kwanza wa bustani, Letchworth, ukaanza kujengwa mwaka 1903. Kisha vikaja Vita Vikuu vya Kwanza, na baada yake ahadi kwamba askari waliorudi watapewa nyumba zinazowastahiki. Kamati ya Tudor Walters, iliyotoa ripoti yake mwaka 1918, ilisema kwamba mijini zisijengwe nyumba zaidi ya 12 katika ekari moja, na kwamba baina ya safu moja ya nyumba na safu inayoikabili pawe na futi 70, ili jua la kipupwe, ambalo huko hupita chini sana, lifike madirishani. Sheria ya mwaka 1919, inayohusishwa na waziri Addison, ikazipa halmashauri wajibu wa kujenga na fedha za serikali za kujengea. Ndipo zilipochipuka nyumba za halmashauri kwa maelfu: Becontree, mashariki ya London, iliyojengwa tangu 1921 hadi 1935, ikawa na nyumba zaidi ya 25,000 na wakazi zaidi ya laki moja, na kusini ya Manchester, huko Wythenshawe, msanifu Barry Parker akachora mtaa mzima kwa namna ambayo miti na vijito vilivyokuwako tangu zamani vibakie mahali pake.

Zile futi 70, na ile nafasi iliyobaki kila ekari ilipobeba nyumba 12 tu, ndizo zilizokuwa makao ya miti. Mtu aliyehama kutoka chumba kimoja cha ghorofani penye masizi akapewa nyumba yenye bustani mbele na nyuma, na mche mwembamba umefungwa kwenye kigingi mbele ya mlango wake, hakuwa na la kulalamika. Na mimi siungani na wale ambao leo, wakiona gharama, husema kwamba upandaji ule ulikuwa upuuzi. Ulikuwa ni rehema. Kilichokosekana ni hesabu ya baadaye. Mti huishi kwa karne, ilhali hazina ya halmashauri huishi kwa mwaka wa fedha. Fungu la kupanda lilipatikana kwa furaha ya ufunguzi, na fungu la kupogoa, miaka arubaini baadaye, likawa ndilo la kwanza kukatwa kila hazina ilipopungua. Tena wapandaji walipendelea miti inayokua haraka ili mtaa mpya usionekane uchi, na mmojawapo ulikuwa mpopla wa Lombardia, ulioletwa Uingereza mwaka 1758, mti mrefu mwembamba unaopendeza macho, ambao mizizi yake ina kiu isiyo kifani.

Kiu hiyo ndiyo asili ya malalamiko makubwa. Sehemu kubwa ya London na nchi za jirani imekaa juu ya udongo wa mfinyanzi ambao hunywa maji ukavimba na kunyimwa maji ukanywea. Mti mkubwa hufyonza maji wakati wote wa kiangazi, na udongo chini ya kona moja ya nyumba hushuka ilhali kona nyingine imebaki palepale, ukuta ukapasuka kutoka dirishani kwa mshazari. Nyumba za kabla ya Vita Vikuu vya Pili, za watu binafsi na za halmashauri sawasawa, aghalabu zilijengwa juu ya misingi isiyofika kina cha mita moja, hata haikuwa na namna ya kuepuka msukosuko huo. Na ajabu ya udongo ule ni kwamba dawa yake yaweza kuwa maradhi: mti ukikatwa ghafla, maji hurudi, udongo huvimba, na nyumba iliyokuwa ikizama huanza kuinuliwa. Jirani anayedai mti ung'olewe mara moja, na halmashauri inayokataa kuugusa kabisa, wote wawili wanahitaji kwanza kumsikiliza mjuzi wa udongo.

Hapa sheria ya kisu ilifikia ukingo wake. Tawi laonekana, mzizi hauonekani. Mtu hukata tawi akiwa juu ya ngazi yake, lakini mzizi humfunulia habari zake baada ya nyumba kupasuka. Mwaka 1940 mahakama iliamua kwamba kampuni moja iliyokuwa na mipopla ya Lombardia karibu na nyumba za watu ilipe madhara ya mizizi yake. Kisha mwaka 1957, katika shauri lililohusu mizizi ya miti ya elmu katika ardhi ya manispaa ya Harrow, Mahakama ya Rufani ikakata neno kwamba hakuna tofauti baina ya mti uliopandwa kwa mkono na mti uliojiotea, wala baina ya tawi na mzizi: ukivuka na ukadhuru, huo ni udhia, na mwenye ardhi hujibu. Halmashauri, ambazo mara nyingi zilirithi miti ya mashamba ya kale pamoja na ardhi zilizonunua kwa ajili ya kujenga, hazikuweza tena kusema kwamba mti ule ziliukuta.

Kisha ukaja ukame wa 1976. Kampuni za bima zilikuwa zimeanza mwaka 1971 kuingiza kushuka kwa ardhi katika mikataba ya kawaida ya nyumba, bila ya kutazamia nini kingezifika; na kiangazi kile, ambapo serikali ilipitisha sheria ya dharura kwa ajili ya maji na kumteua waziri Denis Howell kusimamia janga la ukame, kilizipasua nyumba nyingi kusini-mashariki ya Uingereza hata madai yakazimiminikia kampuni hizo kama hayajapata kuonekana. Hapo barua za malalamiko zilibadilika mwandishi. Zamani ziliandikwa na bwana au bibi wa nyumba kwa mkono wake, zikitaja majani na kivuli. Sasa ziliandikwa na wakala wa bima, zikiambatana na ripoti ya mhandisi, sampuli ya mzizi uliochimbuliwa chini ya msingi, na vipimo vya ufa vilivyochukuliwa mwezi baada ya mwezi.

Muda mfupi baadaye sura ya ujirani nayo ikabadilika. Sheria ya Nyumba ya 1980 iliwapa wapangaji wa halmashauri haki ya kununua nyumba walizokaa, na katika muongo ule zikauzwa zaidi ya milioni moja. Mtu aliyekuwa mpangaji, ambaye nyufa za ukuta zilikuwa shauri la mwenye nyumba, akaamka akiwa mmiliki na nyufa ni zake, ilhali mti ulio nyuma ya uzio wake bado ni wa halmashauri, kwa kuwa viwanja vya wazi na vichochoro havikuuzwa. Ukuta mmoja ukawa na pande mbili zenye sheria mbili. Tena nyumba nyingine nyingi zikahamishwa kutoka halmashauri kwenda kwenye vyama vya nyumba, na mlalamikaji akajikuta akitumwa kutoka dirisha moja hadi jingine kuuliza mti huu hasa ni wa nani, swali ambalo majaji wa 1620 walilijibu kwa sentensi moja.

Majaji wa zama hizi walikuwa wakihama taratibu kutoka kwenye sheria ya kuvuka kwenda kwenye sheria ya kujua. Mwaka 1979 Mahakama ya Rufani iliamua, katika shauri la kilima kilichomomonyoka huko Somerset baada ya ukame wa 1976, kwamba mwenye ardhi ana wajibu wa kuzuia hatari itokanayo na ardhi yake hata kama ni ya maumbile, lakini wajibu wenyewe ni wa kadiri ya akili na uwezo: je, aliijua hatari, au alipaswa kuijua, na kuiondoa kungemgharimu nini? Mwaka 1981 Halmashauri ya Kaunti ya Hampshire ikaokoka katika shauri la mti wa barabarani, kwa kuwa ramani za ardhi ya mahali pale zilionyesha kokoto zenye vifuko vya mfinyanzi hapa na pale, na majaji wakasema haikuwa lazima halmashauri ikisie kwamba kifuko kimoja kimejificha chini ya nyumba ya mdai.

Lililokamilisha safari hiyo ni shauri la Delaware Mansions, lililoamuliwa na Baraza la Malodi mwaka 2001. Katika eneo la Maida Vale, magharibi ya London, palikuwa na mpleni mmoja kwenye njia ya miguu, milki ya halmashauri ya Westminster, karibu na jengo la makazi la mwanzo wa karne ya ishirini. Mti ule ulikuwa wa barabarani, si wa nyumba za kupangisha, lakini hukumu yake inazihusu halmashauri katika miti yao yote. Mwaka 1990 wahandisi waligundua kwamba mizizi yake imekausha udongo chini ya jengo, wakasema mti uondolewe, halmashauri ikakataa, wenye jengo wakalazimika kulichimbia misingi mipya kwa gharama ya zaidi ya pauni 570,000, ilhali ilithibitika mahakamani kwamba mti ungeondolewa, matengenezo yote yangegharimu pauni 14,000. Lodi Cooke, jaji aliyetoka New Zealand, akaandika hukumu iliyokubaliwa na wenzake: mwenye mti lazima apewe ilani na fursa ya haki ya kuondoa udhia, akipewa akakataa, atalipa gharama ya kweli ya kulinda jengo, hata kama madhara yalianza kabla ya mdai kuinunua mali hiyo.

Zingatia mzunguko uliotokea. Mwaka 1894 ilani ilisemwa kuwa si lazima, kwa kuwa mkataji alikuwa akijitetea mwenyewe kwa mkono wake. Mwaka 2001, kwa mtu anayetaka fidia ya mizizi, ilani ikawa ndiyo kiini cha haki. Barua ya malalamiko, ambayo karani wa halmashauri angeweza kuiona kuwa ni manung'uniko ya mzee asiyependa majani, ikapata uzito wa hati. Tangu siku inapopokelewa, halmashauri inajua. Na ikijua, inawajibika.

Si kila lalamiko, hata hivyo, lina mlango mahakamani. Majani yanayoziba mifereji ya paa, utomvu wa vidukari unaodondokea magari, vinyesi vya ndege, kivuli juu ya bustani: hayo ndiyo mengi kwa idadi, na sera za halmashauri nyingi husema waziwazi kwamba mti wenye afya hautakatwa kwa sababu hizo. Haki ya mwanga, iliyowekewa muda wa miaka 20 na sheria ya 1832, ni ya dirisha na si ya bustani. Bunge lilifungua mlango mdogo mwaka 2003, baada ya miaka mingi ya vilio juu ya miberoshi ya Leyland, likaruhusu malalamiko juu ya nyua za kijani kisichokoma zinazozidi mita 2. Lakini halikugusa mti uliosimama peke yake, wala miti inayopukutisha majani. Na tangu sheria ya 1974 yuko msuluhishi wa malalamiko dhidi ya halmashauri, ambaye hatamki nani mwenye haki ya mizizi, bali huchunguza kama halmashauri ilijibu, ilikagua, ilitimiza ahadi yake. Naona ofisi hiyo imewafaa wanyonge wengi, kwa sababu mara nyingi kinachomuumiza mlalamikaji kuliko mti ni kimya.

Habari hii haiko mbali nasi kama inavyoonekana. Sheria ya Kiingereza iliyojengwa kwa hukumu za majaji ilipokelewa Kenya kwa kiwango chake cha tarehe 12 Agosti 1897, na Tanganyika kwa kiwango cha tarehe 22 Julai 1920, kwa kadiri hali za wenyeji zinavyoruhusu. Kwa hiyo hukumu ya 1894 juu ya matawi iliingia pamoja na mizigo mingine ya dola ile, ilhali ile ya 2001 juu ya ilani na mizizi yaweza kuwashawishi majaji wetu tu, haiwafungi.

Huko London penyewe mizani haijaegemea upande mmoja. Mwaka 2012, katika shauri lililohusu chama cha nyumba cha Family Mosaic na halmashauri ya Islington, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba kila mwenye mti juu ya mfinyanzi wa London anapaswa kujua kwamba utadhuru. Hatari lazima iwe ya kweli kwa nyumba ile hasa, la sivyo halmashauri zingekata nusu ya miti ya mji kwa hofu. Mimi naona hukumu hiyo ni ya haki, kwa kuwa miti ile ni mali ya wapita njia na watoto wa mtaa pia. Lakini inamwongezea jirani sababu ya kutokawia. Basi ewe uliye na mti wa halmashauri ubavuni mwa nyumba yako, andika mapema, taja tarehe, weka picha ya ufa na nakala ya barua; nanyi wakuu wa halmashauri, mpelekeni mkaguzi wakati ambapo kazi bado ni ya pauni 14,000.